Kwaresima Niliyoacha Chikanda

Sikuwa na kitu cha kuacha. Hilo ndilo lililonikasirisha kwanza, kabla mengine yote hayajaanza.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Padri alisimama mbele, ndani ya kile kibanda cha udongo tulichokiita kanisa, pale Chapwa, akatuambia kila mtu achague kitu kimoja akipendacho, akiache siku arobaini kwa ajili ya Bwana. Nyama, alisema. Sukari. Tumbaku. Pombe. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye mkeka wa watu wa kitubio, mahali mvua inapomwagikia, na mwanangu wa miezi minane ananing'ang'ania ziwa kama anayegombea shamba. Nikaitazama migongo ya wanawake wenzangu. Nyama? Nyama tuliila Krismasi, mguu mmoja wa mbuzi kwa nyumba nne. Sukari tuliiona ikipimwa kwenye duka la Mhindi, Tunduma, tukaendelea na safari. Na Kwaresima, kwa wale wasioijua nchi yetu, inaangukia miezi ambayo ghala limebaki vumbi na mahindi shambani bado ni maziwa. Miezi hiyo kila kiumbe huku anafunga, Mkatoliki na asiye Mkatoliki, mbuzi na panya. Nilitaka kusimama nimwulize Padri: aliyeupanga mfungo mwezi wa tatu, ghala lake yeye lilikuwa na nini?

Sikusimama. Mkeka wa nyuma hauulizi maswali.

Niseme nilifikaje kwenye mkeka huo. Nimezaliwa Kamsamba, bondeni, kwenye joto na mpunga, kwa wazazi Wakatoliki waliosali rozari hata wakifukuza ndege shambani. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la kumi, nikajua Kiingereza, aljebra, na namna ya kunywa supu bila kutoa sauti. Supu yenyewe sijaiona tena. Likizo moja nikakutana na kijana wa Chapwa, na darasa la kumi na moja sikulifikia. Kwao walikuwa Waprotestanti, marehemu baba yake alikuwa mzee wa kanisa, basi ndoa ikafungwa kwao, upesi, kabla tumbo halijasema lenyewe. Katekista wa kigango chetu akanisimamisha mbele ya watu, akalisoma jina langu, akalipiga mstari kwenye daftari lake. Nilisikia kalamu inavyokwaruza. Nikamwambia, "Vizuri, Mwalimu. Usisahau na nukta." Nikatoka. Nilikaa nje miaka mitatu, sikumwomba mtu yeyote kitu chochote, wala aliye mbinguni.

Na sikurudi kwa toba. Watu wamesimulia hivyo, si kweli. Nilirudi kwa ajili ya jina la mtoto.

Huyu wa miezi minane alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa msichana, aliishi wiki tano. Mchana mmoja wa mvua akaacha kunyonya, macho yakageuka, mwili ukawa unashtukashtuka. Mume wangu alikuwa migodini, Rodesia ya Kaskazini, kama wanaume wengi wa huku. Nyumbani tulikuwa mimi na mama mkwe wangu tu. Masista walitufundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kumbatiza, hata mpagani, mradi awe na maji na nia. Nia nilikuwa nayo. Nikapiga kelele, "Mama, maji!" Akaja na kikombe cha bati chenye ua la buluu. Hakuuliza ya nini. Akaketi, akamshika mtoto kichwa kwa viganja viwili, nami nikamwaga mara tatu huku nikisema yale maneno. Mtoto akapiga chafya. Nikacheka, Mungu anisamehe, nilidhani amepona. Jua halijazama alikuwa amekwenda.

Kwetu mtoto wa umri ule huzikwa na wanawake, nyuma ya nyumba, bila matanga. Siku ya tatu nilikwenda kwa katekista ili jina lake liandikwe kwenye daftari la ubatizo, basi, lisipotee kama la mtoto wa panya.

"Nani alibatiza?" akauliza.

"Mimi."

"Shahidi?"

"Mama mkwe wangu."

"Yule Mprotestanti?"

"Ninaye mmoja tu, Mwalimu."

Akafunga daftari. "Aliyebatiza amefutwa, shahidi si wetu. Sasa mimi niandike nini, binti? Niandike upepo?"

Jibu nililompa siliandiki hapa. Mwanangu atakuja kusoma siku moja.

Baadaye misioni ikaleta Padri huyu wa sasa, Mzungu mrefu mwenye ndevu za rangi ya magunzi, anayesafiri kwa pikipiki. Siku moja alisimama barabarani, kwenye meza anapouzia mama mkwe wangu. Nami nilikuwa pale na tumbo la huyu wa pili, nikamvamia hata hajavua miwani yake ya vumbi. Nilimweleza yote kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyefunga daftari. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Maji yalitiririka?"

"Yalitiririka."

"Maneno yalisemwa?"

"Yote."

"Basi mtoto ni wetu. Mwalimu alikosea. Nakuja huku kwa Pasaka ijayo. Lete shahidi wako Jumamosi Kuu, nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe." Kisha akanitazama. "Na wewe, mama?"

Na mimi. Mume wangu nilimwandikia, akajibu kwamba hana neno, ndoa ibarikiwe, watoto wabatizwe popote, mradi nyumba iwe na amani. Padri akasema basi, nikae mkeka wa kitubio Kwaresima nzima, nichague kitu nikiache, nikishike mpaka Pasaka. Ataniungamisha na, kwa ile barua ya mume wangu, ataibariki ndoa. Nikamwambia nitafikiri. Jina nililitaka. Kurudi kwenyewe sikuwa nimeamua. Kuna asubuhi niliamka nikiitamani harufu ya ubani mpaka koo linakauka, na kufika adhuhuri nimemkumbuka yule katekista na kalamu yake, natamani upepo uje uezue kibanda chote, misalaba na mikeka.

Hata hivyo nikatafuta cha kuacha. Kwanza nilifikiria kuacha hasira. Nikaijaribu Jumatatu. Jua halijafika utosini, mbuzi wa jirani akaingia kwenye maboga yangu, nikamtukana mbuzi, nikamtukana mwenye mbuzi, nikamtukana na aliyemwozesha mwenye mbuzi. Nikaona nisimpelekee Bwana sadaka yenye kilema.

Kikabaki kitu kimoja. Chikanda.

Mama mkwe wangu ndiye fundi wa chikanda, na hata wanawake wenye wivu wanakiri. Vile vizizi vidogo vinavyochimbwa mbugani anavikausha, anavitwanga, anavipika na unga wa karanga, magadi na pilipili, anasonga mpaka bega linalia, halafu anafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko. Kikipoa kinakatwa vipande kama mkate: chekundu ndani, kizito, kinateleza kidogo kwenye ulimi. Madereva wa malori wanaosubiri forodha wanakiita nyama ya ardhini. Nyumbani mapishi yote yalikuwa yangu, ndivyo ilivyo kwa mke wa mwana: ugali wangu, maharage yangu, majani ya maboga yangu. Chikanda tu ndicho kilichotoka mikononi mwake. Na kipande cha kwanza, tangu mimba ya kwanza, kilikuwa changu. Alinikatia kabla ya wateja na kabla ya wageni, akanipa kwa mikono miwili. Nilikipenda kuliko nilivyompenda mume wangu, kusema kweli, maana chenyewe kilikuwepo.

Nikaacha chikanda. Na sikumwambia mtu, kwa sababu Injili ya Majivu yenyewe inasema ukifunga unawe uso na upake mafuta kichwani, watu wasijue. Tena mama, kanisani kwao hakuna majivu. Alizoea kututania kwamba Wakatoliki wanapakana vumbi la jikoni kama watoto waliokosa mlezi. Nikasema huyu sitampa la kuchekea. Nitafunga, nitanawa, nitapaka mafuta, nitanyamaza.

Alhamisi, kesho yake ya Majivu, akanikatia. "Pokea, mwanangu."

"Asante, Mama. Nimeshiba."

Nimeshiba! Miezi ile, nani alikuwa ameshiba? Labda Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na paka wake. Mama akanitazama, akakirudisha kipande kwenye sinia. Kesho yake nikasema tumbo linaniuma. Keshokutwa nikasema baadaye. Wiki ya pili sikusema kitu, nilitikisa kichwa tu, na nilijiona nimepanda daraja.

Akaanza kuonja mbele yangu. Alikata kipande changu, akamega pembe yake, akala huku ananitazama, ndipo akaninyooshea kilichobaki. Huku kwetu kuonja mbele ya mtu kuna maana yake, na mtoto wa miaka sita anaijua. Mimi msomi nikadhani ni kishawishi. Nikafurahi! Nikasema ndani ya moyo, haya ndiyo yale majaribu waliyotusimulia masista, shetani anakuja na sinia. Nikageuza uso kwa adabu zote.

Kisha akahamisha moto wake, akawa anapikia uani, peupe. Nikasema moshi unamsumbua. Kisha akaanza kunituma mimi nichote maji ya chikanda, mimi nipepete unga wa karanga, mimi nitie magadi. Hapo nikachukia. Nikasema ona, nimelima tangu alfajiri, na yeye uzee umemjia kwa makusudi. Mwisho akaacha kumbeba mtoto. Yeye ambaye tangu kuzaliwa kwa mwanangu hakuwa na mgongo wake mwenyewe. "Kiuno kinanisumbua," alisema, na akawa anampitia mbali, kama mtu anayeogopa kuvunja mtungi wa watu. Nikalima na mtoto mgongoni, nikatwanga na mtoto mgongoni, na kila nilipoinama nilimlaumu, na kila nilipoinuka nilijihesabia siku nilizokwisha kushinda. Nilikuwa nazidi kuwa mtakatifu na kuzidi kuwa na sumu kinywani, vyote pamoja.

Wiki ya nne akaja wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeolewa Ihanda. Akatua kikapu cha maharage, akamchukua mtoto, akamnusa shingoni. "Huyu ananuka jasho la mama tu," akasema. "Hanuki bibi." Akakaa. Wifi yangu ni mtu wa mizaha. Akianza kukaa kimya ujue kuna msiba.

"Wifi, mimi sizunguki mlima. Mama amekuulia mtoto?"

"Nini?"

"Nauliza. Barabarani wanauliza. Ihanda wamekwisha kuuliza, sasa nimekuja mimi kuuliza."

"Una wazimu, wifi?"

"Mwenye wazimu ni nani? Mwezi mzima hujala mkono wa mama. Anaonja mbele yako, unageuza uso. Anakutuma uchote maji mwenyewe na unga upepete mwenyewe, uone hana kitu, unanuna. Amehamia uani apike mbele ya macho yako. Unampita kama karani wa forodha. Mtoto ameacha kumgusa, asije akashikwa hata na homa ya meno ukasema ni yeye. Na yule wa kwanza, wifi? Nani alimshika kichwa mpaka akafa?"

Nikahisi kama mtu amenivua nguo sokoni.

"Nimefunga," nikasema. "Ni Kwaresima."

"Kwaresima ya wapi? Ugali hukuacha. Maharage hukuacha. Kelele ndiyo kabisa hukuacha, nimekusikia toka njiani ukimsema mbuzi. Mfungo gani huo unaoijua sufuria ya mkwe tu?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Mama anasema, kama Serikali isingekataza ule mwavi waliowanywesha wachawi zamani, angeunywa mwenyewe mbele ya watu, afe au atapike, ijulikane. Mama yangu, wifi. Mtu aliyeimba kwaya miaka ishirini."

Nilimkuta mama uani, anamenya karanga. Nikapiga magoti. Nikamweleza yote: Padri, mkeka, siku arobaini, Injili ya kunawa uso. Nilisema haraka haraka, kama mwanafunzi aliyekamatwa. Yeye aliendelea kumenya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Imeandikwa tufunge kwa siri, Mama."

"Najua imeandikwa. Kitabu changu nacho kina mlango huo. Unawe uso, upake mafuta." Akatupa ganda. "Hakuna mahali panaposema umfiche mama yako mpaka ashindwe kulala."

"Nisamehe, Mama."

"Nimesikia."

"Zimebaki siku kumi na sita tu. Pasaka asubuhi nitakula kizima."

Akachukua karanga nyingine. Nami, kwa upumbavu ambao hata sasa nikiukumbuka natembea chumbani, nikaendelea. "Na Jumamosi Kuu, Mama, nilitaka kukuomba. Padri ataliandika jina la mtoto. Anataka shahidi."

Hapo ndipo alipoacha kumenya.

"Yaani niende mbele ya watu niseme mimi ndiye niliyemshika kichwa yule mtoto. Mimi ambaye mkono wangu hauliki. Watu wote wajue, shahidi wa kifo na mpishi asiyeliwa ni mtu mmoja." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonitisha. "Maneno yako nimeyasikia, mke wetu. Lakini barabarani hawakukusikia ukisema. Walikuona ukikataa."

Mke wetu. Hakuwahi kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa mwanangu.

Siku zilizofuata sikuwa na mahali pa kukaa. Nikienda kanisani, nikiketi mkekani, nasikia harufu ya karanga. Nikirudi nyumbani naisikia Latini. Nilikuwa na vitu viwili mbele yangu na njia ya kimoja ilikuwa imepita juu ya kingine. Nikila, nimevunja nilichoahidi, na kurudi kwangu kumekwisha. Nisipokula, sina shahidi, na jina la mtoto wangu linabaki upepo. Nilimkasirikia Padri kwa kutokujua desturi zetu, nikamkasirikia mama kwa kuzijua mno, nikawakasirikia masista walionifundisha kila kitu isipokuwa namna ya kukaa na watu. Mara mbili nilinyanyuka kwenda kumwambia mama nakula. Mara mbili nikarudi kutoka mlangoni. Kiburi, si imani. Nimeshafika siku ya thelathini, nilijiambia, kana kwamba mbinguni kuna mashindano.

Ijumaa Kuu tukatoka kijijini kwa maandamano kwenda kanisani, kwenye Njia ya Msalaba. Ilikuwa karibu saa tisa. Katekista alitangulia na msalaba wa mbao, wanawake tukafuata na kaniki zetu, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Barabara inapita mbele ya meza za wauzaji. Malori matatu yalikuwa yamesimama, madereva na watu wao wamejazana kwenye meza za wanawake wengine, wanacheka, wanachanganya Kibemba na Kiswahili. Meza ya mama ilikuwa haina mtu. Chikanda kilikuwa kizima juu ya sinia, hakijakatwa hata ubavuni, na yeye amekaa nyuma yake amenyooka, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa shaurini.

Ningependa kuandika kwamba niliamua. Sikuamua. Miguu ilikata kona.

"Mama, nikatie."

Akatazama msalaba unavyokwenda. "Leo si ndiyo siku yenu kubwa?"

"Siku naijua. Nikatie."

Akachukua kisu. Akakata kipande cha kwanza, kinene, na mkono wake, kwa mazoea ya wiki zile, ukaanza kukipeleka mdomoni mwake. Nikaushika. Nilimshika mama mkwe wangu kiwiko cha mkono mbele ya watu, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Usionje," nikasema, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "Mimi silishwi na jirani. Nalishwa na mama yangu."

Nikakitoa mkononi mwake nikala. Pilipili ilikuwa kali, machozi yakanitoka, na watu wachukue maana waitakayo. Yalikuwa ya pilipili. Mwanzoni. Wauzaji walisimama kutazama. Kisha mmoja akasema, "Kumbe anakula!" Mwingine akajibu, "Msiba wa Bwana umemtia njaa," na wakaangua kicheko, na madereva wakacheka bila kujua wanacheka nini. Katekista aligeuka, shingo ikamkaa begani kama bundi, msalaba ukamyumba.

Mama hakucheka. Alisema, "Futa mdomo." Akazunguka meza, akafungua fundo la nguo kifuani kwangu, akamchukua mtoto, akamtia mgongoni mwake.

Jumamosi Kuu alikuja. Alivaa kitambaa cheupe cha kwaya ya kanisa lao, kimepigwa pasi, na alibeba kikapu. Padri alikuwa ameketi kwenye kimeza kidogo na daftari, katekista amesimama kando yake. Hatujamaliza kusalimu, katekista akaanza.

"Padri, kabla hujaandika lolote. Huyu jana alivunja mfungo wake. Saa tisa ya Ijumaa Kuu, barabarani, mbele ya malori. Nyama ya ardhini!"

"Nyama?" Padri akashtuka.

"Si nyama, Baba," mama akasema. Akafunua kikapu, akatoa kipande kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akamega pembe, akaonja, akampa Mzungu. "Ni mizizi na karanga."

Padri akala, maana alikuwa mtu wa heshima. Uso ukamgeuka mwekundu kwa pilipili. "Si nyama," akamwambia katekista huku akijifuta macho.

Akamwuliza mama yale aliyoniuliza mimi. Maji yalitiririka? Yalitiririka, kikombe cha bati, chenye ua. Mara ngapi? Tatu. Na maneno? Nilifungua kinywa nimsaidie. Mama akaniinulia kidole. Kisha, yule mwanamke ambaye hakuwahi kuingia kanisa letu mpaka siku ile, aliyeyasikia mara moja tu, mchana wa mvua, nami nikiwa nayapiga kelele, akayasema. Jina la mtoto, kisha nakubatiza, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Hakuruka neno. Na mikono yake, alipokuwa akisema, ilikuwa imekaa mbele ya kifua, viganja juu, imeacha nafasi katikati.

Padri akaandika. Kalamu yake nayo inakwaruza. Niliinama nikasoma jina likiwa bado bichi, na pembeni yake, kwenye nafasi ya shahidi, jina la mama. Katekista alitazama paa.

"Sasa wewe," Padri akaniambia, tulipobaki wawili. "Uungame, kesho nikupe Komunyo. Anza na ile ahadi uliyovunja."

"Naungama wiki zile zote nilizokataa," nikasema. "Nilimtesa mzee nikijiona mtakatifu. Hilo naliungama hata mbele ya malori. Lakini kile kipande, Baba, siwezi kukijutia. Nikisema najuta nitakuwa nakudanganya hapo hapo kwenye maungamo."

"Uliahidi mpaka Pasaka."

"Niliahidi."

Akazivuta ndevu zake. Hakunifukuza, nami sikuinuka. Akasema hawezi kuondoa dhambi ambayo mwenyewe anaishikilia kwa mikono miwili. Nikasema basi aniache nayo. Akasema kama si dhambi ningekuwa nimekuja kumwomba ruhusa kwanza. Hilo lilinikaa. Linanikaa mpaka leo, na sijapata jibu lake, ila kwamba pikipiki yake ilikuwa mbali na mama alikuwa karibu.

Kwa hiyo Pasaka ile sikupokea. Niko kwenye mkeka wa nyuma bado. Kila akija, Padri ananiuliza, "Kile kipande?" nami namjibu, "Bado, Baba," na anatikisa kichwa, anaendelea na wengine. Kuna Jumapili naapa sitakwenda tena. Nafika njia panda nageuka, nafika nyumbani nageuka tena, nachelewa Misa na nachelewa shamba. Sijui kama nimerudi. Jina la binti yangu liko ndani na mimi niko mlangoni, na mvua inanimwagikia ile ile.

Wiki ijayo ni Majivu tena. Jana mama alikuwa anasonga chikanda, jikoni, moto umerudi mahali pake, mwanangu anamng'ang'ania kanga.

"Mwaka huu unaacha nini?" akaniuliza bila kunitazama. "Niambie mapema, nikawaambie na wale wa barabarani."

Nikamwambia sijui. Akakata kipande, akakipuliza, akanipa.